LEO ANATEMBEA, KESHO HAWEZI
Somo la kikundi: kuishi na ugonjwa wa MS kijijini



Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia kwa jina. Lakini huenda mwenye ugonjwa huu yuko katika kijiji chako, na amekwisha kupewa majina mengine: mvivu, mlevi, mjanja, au aliyerogwa. Someni somo hili pamoja kwa sauti, sehemu moja baada ya nyingine, na msimame kujadiliana mahali penye maswali.

Tukimaliza, kila mwanachama aweze:
- kueleza kwa nini mtu anaweza kutembea vizuri asubuhi na kushindwa adhuhuri;
- kumsaidia mtu wa namna hii bila kumwumiza wala kumwaibisha;
- kutazama upya sheria za kikundi, zisimwadhibu mtu kwa sababu ya ugonjwa.

1. MFANO WA KUJADILI

Tuseme kuna mama wa miaka thelathini na mitano. Yeye ni mwanachama wa kikundi cha akina mama. Jumatatu asubuhi anateka maji, anabeba mtungi wa lita 20 mpaka nyumbani, na watu wanamwona. Adhuhuri jua likiwa kali anatoka shambani miguu ikiwa mizito kama imefungwa mawe. Anayumba, anashika ua wa jirani asianguke. Mtu akipita anasema, "Huyu naye ameanza kunywa saa sita."

Jumatano kikundi kinachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mama hatokei. Anaandikiwa faini. Alhamisi anaonekana sokoni akitembea. Basi maneno yanaanza: "Ati mgonjwa! Si tulimwona sokoni?" Baada ya faini tatu, kuna pendekezo aondolewe katika merigoraundi, na zamu yake ya kupokea ilikuwa karibu.

Hebu simameni hapa. Je, huyu mama ni mwongo? Kila mtu aseme maoni yake kabla ya kuendelea.

2. UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu huitwa maltipo sklerosisi. Madaktari huuita kwa kifupi MS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza vizuri huko Paris mwaka 1868, kwa hiyo si ugonjwa wa jana.

Mambo ni hivi. Ubongo unatuma habari mwilini kwa kupitia mishipa ya fahamu, kama vile stima inavyopita katika waya. Waya wa stima una ganda la plastiki. Mishipa ya fahamu nayo ina ganda lake. Katika MS, askari wa mwili, wale wanaotulinda na magonjwa, wanakosea na kulishambulia ganda hili katika ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka, habari zinachelewa, zinapotea njiani, au zinafika kidogo kidogo. Ubongo unasema, "Mguu, inuka!" na mguu hausikii, au unasikia umechelewa.

Kwa sababu mishipa iko mahali pengi, dalili pia ni nyingi: jicho kuona ukungu, ganzi ya mikono au miguu, miguu kukakamaa, kizunguzungu, kuyumba, mkojo kubana ghafla, na uchovu mkubwa usiolingana na kazi aliyofanya mtu.

Duniani wako watu karibu milioni 2.9 wenye MS. Wengi huanza kuugua wakiwa na miaka kati ya 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Afrika tunasikia juu ya ugonjwa huu mara chache, na sababu mojawapo ni kwamba kuutambua kunahitaji daktari wa mishipa ya fahamu na mashine ya MRI, vitu ambavyo haviko karibu na vijiji vyetu.

Sababu kamili ya MS haijulikani. Utafiti mkubwa wa wanajeshi wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kirusi kiitwacho Epstein-Barr kinahusika. Lakini kirusi hicho wamekipata karibu watu wote duniani, na walio wengi hawapati MS kamwe. MS haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kumshika mkono wala kulala naye. Wala si laana.

3. KWA NINI KUTEMBEA KUNABADILIKA

Hapa ndipo kiini cha somo. Mtu aliyevunjika mguu tunamwelewa kwa sababu leo hawezi na kesho hawezi. Mwenye MS anatuchanganya kwa sababu uwezo wake unapanda na kushuka. Sababu ziko nyingi.

(a) Mashambulio. Kwa walio wengi, mwanzoni ugonjwa huja kwa vipindi. Dalili mpya inatokea, inakaa siku au majuma, kisha inapungua, pengine inaisha kabisa kwa miezi. Kwa wengine, baada ya miaka, miguu inazidi kudhoofika polepole bila vipindi.

(b) Joto. Waya uliochubuka hufanya kazi vibaya zaidi mwili ukipata joto. Hata nusu digrii inatosha. Jua la saa saba, moto wa jikoni, maji ya moto ya kuoga, au kazi ya jembe, vyote vinaweza kuilegeza miguu. Mwili ukipoa, nguvu hurudi. Joto hili halizidishi ugonjwa wenyewe, lakini linaweza kumwangusha mtu.

(c) Uchovu. Asubuhi mtu ana akiba ya nguvu. Akiitumia yote kwenye maji na kuni, jioni hana kitu. Yule aliyeonekana sokoni Alhamisi huenda Ijumaa yote alilala. Lakini kitandani hakuna aliyemwona.

(d) Homa na maambukizo. Malaria, mafua au ugonjwa wa njia ya mkojo vinaweza kuzirudisha dalili zote za zamani kwa siku chache.

(e) Giza. Mtu husimama imara kwa kusaidiwa na macho, masikio ya ndani, na nyayo zinazohisi ardhi. Nyayo zikiwa na ganzi, macho ndiyo yanayobaki kumshikilia. Zima taa, au mwambie afumbe macho, naye ataanguka.

Basi turudi kwa swali la mama wetu. Je, ni mwongo? Hapana. Alibeba mtungi kweli, na alishindwa kweli. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

4. KWANZA HOSPITALI

Tafadhali msianze kupeana jina la MS huko kijijini. Kuyumba na udhaifu wa miguu vinaweza kuletwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, virusi vya UKIMWI, kaswende, upungufu wa vitamini B12, au uvimbe unaobana mishipa. Baadhi ya hayo hutibika kabisa yakiwahiwa. Ndiyo sababu pesa za kwanza zisiishie kwa mganga. Mtu aende zahanati, aombe barua ya kupelekwa hospitali ya kaunti, na aeleze dalili zote, hata zile zilizokwisha pita. Ni vizuri aandike tarehe: lini jicho lilipata ukungu, lini mguu ulikufa ganzi, kwa siku ngapi. Daftari la shilingi chache linaweza kumsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Kumbuka: mdomo ukienda upande, mkono na mguu wa upande mmoja vikafa kwa ghafla, au mtu akashindwa kusema, usingoje kesho. Huenda ni kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa ya kuimaliza MS haijapatikana. Lakini ziko dawa za kupunguza mashambulio, na dawa ya sindano ya siku 3 hadi 5 ya kufupisha shambulio kali. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa za lazima kwa mara ya kwanza. Bei bado ni mzigo kwa familia nyingi. Wanachama wote wahakikishe wameandikishwa katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na waulize hospitalini ni huduma zipi zinalipiwa.

Mwenye MS arudi kwa daktari dalili mpya ikikaa zaidi ya siku moja. Na akiwa na homa, apimwe malaria na mkojo kwanza.

5. KUUTUNZA MWILI

Mazoezi. Zamani wagonjwa wa MS waliambiwa wapumzike tu. Siku hizi inajulikana kwamba mazoezi ya kiasi yanasaidia miguu na usawa wa mwili. Yafanywe asubuhi kukiwa baridi, mtu mwingine akiwa karibu, na kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani:
- kuketi na kusimama mara tano, bila kuvuta kwa mikono kama inawezekana;
- kushika meza, kuinua visigino na kuvishusha polepole;
- kushika ukuta, kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama mtu anayepita juu ya gogo.
Aache kabla hajachoka kabisa. Kama iko hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amwone huyo kwanza.

Kupanga siku. Kazi nzito ifanywe alfajiri, nyepesi adhuhuri. Apumzike kabla ya kuchoka, si baada ya kuanguka. Maharagwe yachambuliwe akiwa ameketi. Kitambaa kilicholowa maji baridi shingoni, kofia, na kivuli cha mti ni dawa ya bure.

Mkongojo. Wengi wanaukataa kwa aibu, wakisema ni wa wazee. Lakini mkongojo unawaonyesha watu kwamba huyu si mlevi, na unamfikisha mtu alikotaka kwenda. Si lazima utumiwe kila siku. Siku njema ukae mlangoni, siku mbaya uchukuliwe. Urefu wake: mtu asimame wima na viatu, mkono uning'inie, na kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini pigilia kipande cha mpira wa tairi usiteleze. Ushikwe upande wa mguu wenye nguvu: kama mguu wa kushoto ndio dhaifu, ushikwe kwa mkono wa kulia, na uende mbele pamoja na ule mguu dhaifu. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, mkongojo na mguu dhaifu vitangulie.

Kiti cha magurudumu nacho si mwisho wa maisha. Mtu anaweza kutembea nyumbani na kutumia kiti kwa safari ya mbali. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti na vifaa vya namna hii hapa Kenya.

6. NYUMBA, NJIA NA CHOO

Watafiti katika nchi mbalimbali wameona kwamba wenye MS kama nusu, au hata zaidi, huanguka katika muda wa miezi michache tu. Kuanguka kwingi kunatokea nyumbani. Hapa kikundi kina kazi ya mikono, na inamalizika kwa Jumamosi moja:

- Chooni: chimbieni nguzo mbili imara, moja kila upande, zenye mti wa kushika. Tengenezeni kiti cha mbao chenye tundu, asichuchumae.
- Njia ya chooni: ondoeni mawe na mizizi, fungeni kamba au fito pembeni ya kushika. Mkojo wa MS hubana ghafla, na mtu akikimbia gizani ndipo anapovunjika. Usiku awe na beseni chumbani na tochi kando ya kitanda. Asiache kunywa maji kwa kuogopa choo, maana maambukizo ya mkojo yatamlegeza zaidi.
- Jikoni: inueni meko yafikie kiuno, na wekeni kiti. Nyayo zenye ganzi hazisikii kaa la moto.
- Viatu: patipati zinateleza na kuchomoka. Viatu vyenye kufunika kisigino ni bora.
- Bafuni: aoge ameketi kwenye stuli, maji yawe vuguvugu. Akiosha uso, mkono mmoja ushike kitu, kwa maana macho yamefumbwa.
- Boda boda: aketi kwa kutandaza miguu pande zote mbili, si kwa upande mmoja. Dereva aangalie miguu yake, kwa sababu mguu wenye ganzi unaweza kuungua kwenye bomba la moshi bila yeye kujua.

7. AKIANGUKA

Watu hukimbia wakamvuta mikono. Msifanye hivyo, mnaweza kumtegua bega. Kwanza mwache apumue. Muulize, "Umeumia wapi?" Kama mguu umepinda, au shingo inauma, au kichwa kimegonga, asisogezwe ovyo, tafuteni msaada. Kama hakuumia, leteni kiti imara. Apige magoti, ashike kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele, ainuke mwenyewe huku mtu mmoja akimsaidia kiunoni. Wengine waondoke. Kuanguka kunauma, lakini macho ya watu ishirini yanauma zaidi.

Siku za kawaida pia, usimshike mtu ghafla. Muulize, "Dada, nikupe mkono?" Akikubali, mpe mkono wako aushike yeye. Ukimshika wewe na kumsukuma, unamwondolea usawa wake.

8. SHERIA YA KIKUNDI

Kikundi kisicho na sheria hakidumu, hilo tunajua. Lakini sheria ilitungwa ili watu wasikwepe kazi. Haikutungwa ili mgonjwa apoteze fungu lake. Mapendekezo ni haya:

Kwanza, tofautisheni kukosa kazi na kubadilishana kazi. Siku ya mitaro, asiyeweza jembe aitwe kuweka daftari la mahudhurio, kupanda mbegu kwenye mifuko ya nasari chini ya kivuli, au kuhesabu akiba. Kazi hiyo ihesabiwe sawa na ya jembe.

Pili, aruhusiwe kutuma habari asubuhi ile ile. Ugonjwa huu hauwezi kutoa taarifa ya juma zima. Sheria ya "ombi la ruhusa siku saba kabla" haimfai.

Tatu, anayelipa hisa zake asiondolewe katika merigoraundi kwa faini za kukosa kazi ya mikono. Huyo mama wa mfano wetu alikuwa amelipa kila mwezi. Pesa zile ni zake.

Nne, mikutano ifanywe asubuhi, mahali pasipo mlima, penye kiti chenye mgongo. Na tukifungua kwa sala, tusimlazimishe asimame na kufumba macho. Aombe ameketi, macho wazi. Mungu anasikia.

Tano, watazameni walio nyumbani. Mara nyingi binti anatolewa shuleni ateke maji na kupika. Wanachama wakigawana zamu za maji, kila mmoja siku moja kwa majuma mawili, mtoto atabaki darasani. Na mume naye aitwe kwa heshima, aelezwe ugonjwa ni nini, kabla hajaambiwa na wengine kwamba mkewe amerogwa.

Sita, habari za ugonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Viongozi wasizitangaze kabla ya kumwuliza.

Tukumbuke pia kwamba haya si hisani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kadiri inavyofaa. Anaweza kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

9. ZOEZI NA MASWALI

Zoezi (dakika kumi). Wawili wawili, mmoja asimame kwa mguu mmoja, mwenzake awe tayari kumdaka. Hesabuni mpaka kumi. Sasa afumbe macho. Wazee na wajawazito watazame tu. Kisha kila mtu aeleze: ulihisi nini? Ungependa mwenzako akushike vipi? Ungesikiaje kama angecheka?

Maswali ya kujadiliana:
(1) Katika kijiji chetu, mtu anayeyumba huitwa nani? Je, tuliwahi kumwuliza anaumwa nini?
(2) Ni sheria gani moja ya kikundi chetu inayomwumiza mgonjwa ambaye hali yake inabadilika?
(3) Ni nyumba gani, choo gani au njia gani tunayoweza kuitengeneza kabla ya mkutano ujao? Nani ataleta nguzo, na nani ataleta misumari?

Katibu aandike majibu ya swali la pili na la tatu katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na majina na tarehe. Na mkikutana na mtu wa namna hii kesho, msimwambie, "Mbona jana ulitembea?" Mwulizeni tu, "Leo ukoje?" Halafu mwamini jibu lake.